Imetupwa au Imeondolewa? Namna ya Kulisoma Neno la Mahakama na Kuitumia Kesi Rejea

Mzee mmoja wa Sengerema alivuka na kivuko cha Kamanga asubuhi, akanikuta Mwanza mjini na bahasha ya kaki imelainika kwa jasho. Alikuwa ameuza injini ya mtumbwi kwa mkopo, mnunuzi akalipa nusu, nusu ikabaki maneno. Alikwenda mahakamani. "Kesi yangu ilitupwa, mwanangu," aliniambia, "lakini watu wameniambia nawe una macho ya karatasi."

Niliisoma. Haikutupwa. Iliondolewa, kwa sababu hati yake ya madai ilikuwa na kasoro ya uthibitisho: mtu aliyemwandikia hakumwekesha sahihi mahali panapotakiwa. Angerekebisha ukurasa mmoja, angeifungua tena wiki ile ile. Lakini hakimu alipomaliza kusoma, mtu aliyekuwa amekaa naye benchi moja alimnong'oneza, "Baba, wameitupa hiyo," naye akaenda zake nyumbani. Alipofika kwangu, miaka 6 ambayo sheria ya ukomo inampa mtu kudai haki ya mkataba ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imempita kwa miezi minne tu.

"Kumbe haikufa?" aliniuliza. Sikuwa na jibu zuri.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili, na mwongozo huu haumfukuzi wakili kwa yeyote mwenye uwezo wa kumlipa. Ni kwa yule anayetoka mahakamani Nyamagana, Ilemela, Magu au Ukerewe akiwa na karatasi mkononi na hajui kama ashangilie, alie au akimbilie masjala.

Hatua ya kwanza: jua umeshika karatasi gani

Watu huita kila kitu "hukumu". Jalada moja lina karatasi za aina nyingi, na kila moja ina kazi yake.

Mwenendo wa shauri ni kumbukumbu ya yote yaliyotokea: nani alikuja, shahidi alisema nini, kesi iliahirishwa mpaka lini. Uamuzi, au uamuzi mdogo kama wengi wanavyouita, ni jibu la mahakama kwa jambo lililoibuka njiani, kwa mfano pingamizi la awali (hoja ya kutaka kesi isiendelee kusikilizwa) au ombi la zuio. Hukumu ndiyo inayokata shauri lenyewe baada ya ushahidi, ikiwa na hoja zilizobishaniwa, jibu la kila hoja na sababu zake. Amri ni agizo: fanya hivi, usifanye vile, hali ya kiwanja ibaki ilivyo mpaka tarehe fulani. Dikrii ni ufupisho wa kile hukumu ilichoamuru katika kesi ya madai, na ndiyo inayotumika mtu anapoomba kukazia hukumu mpaka dalali wa mahakama afike mlangoni kwa mdaiwa.

Kwa nini ujue? Kwa sababu nimeona mtu akishangilia uamuzi mdogo. Zuio la muda lilitolewa dhidi ya jirani yake, naye akamwaga mchanga na kuanza kujenga kana kwamba ameshinda kiwanja. Zuio lilimfunga jirani asijenge, lakini yeye halikumpa ardhi. Kesi ilikuwa haijaanza hata kusikilizwa.

Ombi la nakala liandike kwa barua, hata kama karani ni mtu wa kwenu. Peleka barua mbili, moja waipokee, nyingine waigonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Siku moja utaulizwa ulikuwa wapi muda wote huo, na muhuri huo ndio utakaojibu.

Hatua ya pili: tafuta neno la mwisho, kisha uliulize maswali matatu

Nenda ukurasa wa mwisho. Hapo juu ya sahihi ya hakimu au jaji pana sentensi mbili tatu zinazobeba kila kitu. Usiishie kulisoma neno. Liulize: je, mambo yamekwisha? Je, yanaweza kurudi, na yarudi wapi? Nina siku ngapi?

Nasema hivyo kwa sababu Kiswahili cha mahakama bado hakijatulia. Mahakama za Mwanzo zimekizoea kwa miongo mingi, lakini huko juu kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza mpaka mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata baada ya hapo utakutana na hukumu za Kiingereza, na mahakimu wawili wanaweza kulitafsiri neno moja kwa namna mbili. Magazeti ndiyo yameharibu zaidi. Kwao kila kesi isiyofanikiwa "imetupiliwa mbali".

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, tukianza na lile lililommaliza mzee wa Sengerema.

Kesi kuondolewa (wengine huandika kufutwa kwenye daftari) maana yake mahakama haikugusa ugomvi wenu. Imeona karatasi zina ugonjwa: hazikusainiwa, zimeletwa mahakama isiyohusika, zimetaja kifungu kisicho chake. Ukiponya ugonjwa, unarudi, ilimradi muda wa ukomo haujakuacha. Kesi kutupwa au kukataliwa maana yake imesikilizwa na umeshindwa, au sheria imeihesabu kuwa imekwisha. Huwezi kuifungua upya kwa jina lingine au kwa kumtanguliza shemeji yako awe mdai. Njia yako ni rufaa.

Tofauti hii haikubuniwa na mawakili wa Mwanza ili wale ada. Mwaka 1959, katika kesi ya chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, iliyotoka kusini huko Ungoni, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba rufaa isiyo halali haina kitu cha kukataliwa. Haipo mbele ya mahakama, basi inaondolewa tu. Zaidi ya miaka 60 baadaye kesi hiyo bado inatajwa mahakamani. Hakimu akiandika kwamba shauri "limetupwa" huku sababu aliyoitoa ni kasoro ya karatasi tu, una hoja ya kupeleka mbele, na jina lake ni Ngoni-Matengo.

Kuna pia kesi kufutwa kwa kutohudhuria. Siku ya kesi ziwa lilichafuka, boti haikutoka Ukerewe, wewe hukufika. Hapo unarudi mahakama ile ile, haraka, ukiomba irejeshwe na kutoa sababu yenye ushahidi. Ndugu yake ni hukumu ya upande mmoja, ambapo aliyekosekana ni mdaiwa na mdai akasikilizwa peke yake. Nayo huombwa kutenguliwa pale pale kwanza, kabla ya kuwaza rufaa.

Jinai ina mitego yake. "Mahakama imeona mshtakiwa ana kesi ya kujibu." Nimeshuhudia mama akianguka chini kwa kilio aliposikia hayo, akidhani mwanawe amefungwa. La. Maana yake upande wa mashtaka umeleta ushahidi wa kutosha kumtaka mshtakiwa naye ajitetee. Hana kesi ya kujibu ndiyo furaha yenyewe: anaachiwa huru bila hata kufungua mdomo.

Na kuachiwa kuna kuachiwa. Anayeachiwa huru baada ya mahakama kupima ushahidi hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Lakini yule ambaye mashtaka yake yameondolewa, kwa sababu Mkurugenzi wa Mashtaka ameeleza kwamba hana nia ya kuendelea na shauri, ameachiliwa tu. Ndiyo maana umewahi kuona mtu anatoka kizimbani, ndugu wanamkumbatia, na kabla hajafika getini polisi wanamgusa bega. Watu husema hiyo ni dharau kwa mahakama. Inauma, lakini ukisoma neno lililotumika utaona mlango uliachwa wazi. Ndugu wasichinje mbuzi kabla ya kuuliza: ameachiwa huru, au ameachiliwa?

Mahakama ya juu nayo ina maneno yake. Kutengua hukumu ni kuiondolea nguvu. Kubatilisha mwenendo ni zaidi: hata ushahidi uliotolewa unahesabiwa haukutolewa. Baada ya hapo mahakama inaweza kuamuru kesi ianze upya, lakini si kila mara. Katika kesi ya Fatehali Manji ya mwaka 1966, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kesi huanzishwa upya pale ilipoendeshwa kinyume cha sheria au kwa kasoro. Upande wa mashtaka hauwezi kupewa nafasi ya pili ya kuziba matundu ya ushahidi wake.

Neno la gharama lisome pia. "Kila upande ubebe gharama zake" ni habari njema kwa aliyeshindwa. "Kwa gharama" maana yake mpinzani wako anaweza kuleta orodha ya alichotumia, nauli na ada ya wakili zikiwemo, ikakaguliwa, ukalipa.

Hatua ya tatu: hesabu siku, jioni ile ile

Fungua kalenda ya simu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya una siku 30. Shauri lililoanzia Mwanzo likitoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu, siku 30 tena. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, siku 45. Katika jinai iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, unatoa taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ya nia ya kukata rufaa ni siku 30. Hata hivyo muulize karani, maana sheria hizi hurekebishwa.

Ukichelewa, kuna maombi ya kuongezewa muda, na hapo utakutana na msimamo mkali: Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima ielezwe. "Nilikuwa nimesafiri" haitoshi. Ulisafiri lini, ukarudi lini, tiketi iko wapi, na siku mbili baada ya kurudi ulikuwa unafanya nini?

Jihadhari na maneno "marejeo" na "mapitio". Moja ni kuiomba mahakama ile ile iutazame upya uamuzi wake kwa kosa la wazi. Jingine ni kuiomba mahakama ya juu ikague jalada la chini. Nimeona ofisi mbili zikiyatumia kinyume. Usibishane juu ya neno, uliza: "Anayeangalia ni yuleyule aliyeamua, au ni mkubwa wake?"

Hatua ya nne: jua nani anamfunga nani

Hapa ndipo kesi rejea inapoingia. Kesi rejea ni uamuzi uliokwisha kutolewa katika kesi ya watu wengine, ambao mahakama inautazama inapoamua kesi yenye jambo linalofanana. Usiichanganye na kanuni nyingine ya kwamba shauri lililokwisha kuamuliwa kati ya watu fulani halifunguliwi tena na watu hao hao. Hiyo inawafunga wadaawa, yaani wenye kesi. Kesi rejea inaifunga mahakama.

Ngazi zetu ni Mwanzo, kisha Wilaya na Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu, na kileleni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika na mahakama yake ya rufani kwenda nayo. Linalotoka Rufani linawafunga wote chini yake, awe anakaa Mwanza mjini au Nansio. Linalotoka Mahakama Kuu linazifunga mahakama za chini, lakini jaji mmoja wa Mahakama Kuu hamfungi jaji mwenzake. Atamsikiliza kwa heshima, kisha anaweza kwenda njia yake. Mahakama ya Mwanzo haimfungi mtu yeyote nje ya kesi ile. Kwa hiyo "jirani yangu alishinda kesi kama hii hapo Mwanzo mwaka jana" ni habari ya kijiweni tu.

Mahakama ya Rufani yenyewe inaweza kuuacha uamuzi wake wa zamani, ingawa haifanyi hivyo kirahisi. Kawaida hukaa majaji watatu, na kwenye jambo zito hukaa jopo kubwa zaidi. Ukikuta maamuzi yake mawili yanagongana, desturi yake ni kufuata la karibuni zaidi isipokuwa kuwe na sababu ya kutofanya hivyo.

Vipi kesi za Kenya, Uganda, Uingereza? Zina mvuto, hazifungi. Sheria yetu iliipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, ndiyo maana majina ya Kiingereza hayaishi mahakamani, lakini za leo za kule ni za kushawishi tu. Zile za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki zina uzito wa pekee, maana ndiyo ilikuwa mahakama yetu ya juu. Nenda siku yoyote kwenye kesi yenye pingamizi la awali, utasikia "Mukisa Biscuit". Ni kesi ya mwaka 1969 iliyoeleza kwamba pingamizi la awali lazima liwe hoja tupu ya sheria, isiyohitaji ushahidi kuithibitisha. Mawakili huitaja mpaka wauza karanga wa nje ya mahakama wanaijua. Lakini ni silaha yako pia: mpinzani akileta pingamizi linalohitaji mashahidi ili lieleweke, mwambie hakimu kwamba hilo si pingamizi la awali, ni utetezi, lisubiri zamu yake.

Hatua ya tano: beba kiini, usibebe mshindi

Kosa kubwa la wanaoitaja kesi rejea ni kutaja aliyeshinda. "Katika kesi ile mwanamke alishinda, na mimi ni mwanamke." Hakimu hafungwi na ushindi wa mtu. Anafungwa na ile sababu ya kisheria ambayo bila hiyo uamuzi usingesimama. Nitaiita kiini. Mengine yote ambayo jaji anasema kwa kupitia, mifano yake, masikitiko yake, ushauri wake kwa Bunge, ni maneno ya pembeni. Yanaweza kuwa matamu kuliko kiini, lakini hayamfungi mtu.

Nitatumia kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Rufaa ya Madai Na. 9 ya 1983, kwa sababu inawavuruga watu vizuri sana. Kabla yake, majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika: je, mke aliyekuwa akipika, kufua na kulea anahesabiwa kuwa amechangia mali iliyopatikana katika ndoa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mahakama izingatie mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakaamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Kesi hiyo hutajwa kila siku nchini.

Sasa nenda mwisho wa hukumu. Bi Hawa alishindwa. Mahakama iliona mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye hakuzitumia kwa kazi hiyo, kwa hiyo alichostahili alikuwa amekwisha kukipata. Rufaa yake ilikataliwa. Kanuni iliyobeba jina lake imewasaidia wanawake wengi. Yeye mwenyewe hakupata mgawo aliouomba. Anayebeba mshindi ataiacha kesi hii kabatini, au ataibeba mume.

Kesi nyingine ni ya kwetu ziwani. Mwaka 1988 huko Muleba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia aliliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake mpwa wake akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha: mila ya Wahaya, alisema, haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya ikapindua. Rufaa ikaletwa Mahakama Kuu hapa Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akatoa hukumu ya Ephrahim dhidi ya Pastory, ambayo leo inasomwa na wanafunzi wa sheria nje ya mipaka yetu.

Kiini chake kiko wapi? Si "wanawake wana haki", hilo ni pana mno. Jaji alisema Katiba, baada ya kuingizwa sura ya haki za binadamu mwaka 1984, inakataza ubaguzi wa jinsia, na kwamba sheria za zamani, mila ikiwemo, zinapaswa kusomwa kwa marekebisho yatakayozilinganisha na Katiba. Kwa hiyo uwezo wa kuuza shamba la ukoo ni sawa kwa mwanamke na mwanamume. Akaacha pia lile ambalo wengi hawalisomi: mtu wa ukoo bado anaweza kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Ukienda mahakamani na nusu ya kwanza tu, mpinzani wako atakuja na hiyo ya pili.

Hatua ya sita: hakikisha kesi yako bado inapumua

Jaji huyo huyo Mwalusanya mwaka 1994 aliamua, katika kesi ya Mbushuu, kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba. Ni hukumu yenye utafiti na moyo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi huo. Ukiitaja ile ya 1994 kana kwamba ndiyo sheria, utakuwa umeingia mahakamani na maiti begani.

Kwa hiyo ukipata kesi, tafuta kama ilikatiwa rufaa. Tafuta pia kama sheria imebadilika: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeandika wazi kwamba mwanamke mtu mzima ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kushughulika na ardhi, na kifungu cha sheria ni ngao nzito kuliko hukumu ya zamani peke yake.

Pa kutafutia ni TanzLII, maktaba ya mtandaoni ya Mahakama ya Tanzania, bure. Ingiza jina la mdaawa mmoja, au neno la jambo lako. Alama TZCA kwenye rejea ina maana Mahakama ya Rufani, TZHC Mahakama Kuu. Anza na TZCA. Soma aya za mwanzo uone ugomvi, ruka mpaka zinapoanza sababu, kisha ukurasa wa mwisho. Kama ni Kiingereza na kinakushinda, mtafute mwanafunzi wa sheria au msaidizi wa kisheria wa kata yako. Usimpe mchapaji wa steshenari akutafsirie. Anaweza kuchapa vizuri, kutafsiri hukumu ni kazi nyingine.

Hatua ya saba: iseme mbele ya hakimu

Wiki kadhaa zilizopita nilikaa na mama mmoja muuza dagaa wa Kirumba, anadai mgawo wa nyumba baada ya talaka. Alikuwa amekariri jina la Bi Hawa kama wimbo.

"Mama, utasemaje?"

"Nitasema Bi Hawa alipewa, na mimi nipewe."

"Bi Hawa hakupewa, mama."

Alinitazama kama nimemtukana. Tukaanza upya, mpaka ikawa hivi: "Mheshimiwa, naomba mahakama yako izingatie uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika Rufaa ya Madai Na. 9 ya 1983, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, uliosema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mimi nililea watoto wanne na kuendesha nyumba wakati mume wangu yuko ziwani. Tofauti yangu na Bi Hawa ni kwamba mimi sikupewa fedha zozote za mradi."

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu. Inaitwa kutofautisha: kuonyesha mahali ambapo kesi yako haifanani na ile, ili lile lililomwangusha mwenzako lisikuangushe. Mpinzani naye atafanya hivyo hivyo kwako. Mjane wa Misungwi akija na Ephrahim dhidi ya Pastory kudai urithi wa mumewe, wakili wa upande wa pili atasimama na kusema ile ilihusu kuuza, si kurithi. Na ana pa kushika: mwaka 2006 Mahakama Kuu Dar es Salaam, katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga, ilikubali kwamba kanuni za mila za urithi zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilikuja kukwama kwenye kasoro ya hati. Mjane huyo asiende na kesi moja. Aende na Katiba, na aeleze mahakama kwa nini hoja ya Jaji Mwalusanya ya kusoma mila kwa marekebisho inagusa urithi pia.

Ukiitaja kesi, uwe nayo mkononi, hukumu nzima, si ukurasa ulioupenda. Chapisha nakala tatu: ya mahakama, ya mpinzani na yako. Kwenye nakala ya mahakama usichore chochote. Kwenye yako piga mstari aya yenye kiini na uandike pembeni namba ya ukurasa, maana hakimu atakuuliza "Iko wapi hiyo?", na ukianza kupekua kurasa 20 huku mikono inatetemeka, utajikuta umesahau hata namba ya rufaa.

Mama wa Kirumba aliikunja nakala yake mara nne, akaifunga kwenye ncha ya khanga pamoja na nauli. Kesi yake imepangwa mwezi ujao.